Umeme Mdogo Moshi: Tafuta Volti Zinapotelea Kabla ya Kununua Stabilaiza

Wiki ya mwisho ya Desemba mzee mmoja wa Uru, juu kidogo ya mji wa Moshi, aliniita nyumbani kwake. Vihamba vya kule, yaani mashamba ya ukoo yenye nyumba ndani yake, vinakaa kimya karibu mwaka mzima: bibi, babu, mjukuu mmoja, taa tatu na redio. Ikifika Krismasi watoto wanarudi kutoka Dar, Mwanza na Dodoma, magari yanajaa uani, na kila nyumba inawasha friji, jiko la umeme, pampu na hita ya maji ya kuoga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Njoo uione hii friji. Inanguruma halafu inakata, inanguruma halafu inakata. Wameniambia ninunue stabilaiza kubwa."

Nilichomeka mita yangu ya volti kwenye soketi ya sebuleni, ikasoma 174. Friji haikuwa na ugonjwa wowote. Ilikuwa inajaribu kuwaka kwa umeme usiotosha, inashindwa, kinga yake inaikata isiungue, ikipoa inajaribu tena.

Stabilaiza, kifaa cha kupandisha volti pungufu hadi 230, ingemfaa mzee yule kwa siku mbili tatu, kisha ingemharibia yeye na jirani zake. Nitaeleza kwa nini, maana jambo hilohilo ndilo linaloangusha gridi za nchi nzima, na limefanyiwa utafiti kwa miongo mingi. Ila kwanza tujue jinsi ya kupima, kwa sababu "umeme mdogo" ni dalili. Chanzo chake kinaweza kuwa kwenye soketi yako, kwenye waya wa nguzo, kwenye transfoma, au kilomita mia kadhaa kutoka hapo.

Maswali matatu kabla ya kugusa chochote

Nani mwingine anapata shida hii? Inatokea saa ngapi? Ukiwasha kitu kizito, volti zinashuka kiasi gani?

Swali la tatu linajibiwa na birika la umeme. Nunua mita ndogo ya volti ya kuchomeka kwenye soketi, uichomeke kwenye soketi iliyo karibu zaidi na meini swichi. Zima vyombo vyote vizito, soma volti, andika. Kisha washa birika la wati 2000 kwenye soketi nyingine, soma tena wakati maji yanapiga moto. Birika hilo linavuta ampea 8.7 kwenye volti 230 (ampea ni kipimo cha wingi wa umeme unaopita kwenye waya). Volti zikishuka 3 au 4 tu, njia kati yako na transfoma ni nzuri, na kama jioni unapata 180 basi tatizo liko mbele zaidi. Zikishuka 11 au zaidi, waya unaokuletea umeme ni mwembamba mno, mrefu mno, au una kiungio kibovu. Zikishuka 20 au 30 kwa birika moja, au zikichezacheza birika likiwa linachemka, shuku kiungio kilicholegea, na usiendelee kulitumia birika.

Vyombo vingi vya nyumbani huvumilia takriban asilimia 10 juu na chini ya volti 230, yaani kuanzia 207 hadi 253. Andika saa pamoja na kila kipimo. Volti 190 za saa mbili usiku na volti 190 za saa nane mchana hazina maana moja.

Dalili: chumba kimoja tu, au soketi moja tu

Ni nyumba yako. Skrubu imelegea kwenye soketi, kwenye swichi au kwenye sakiti breka, au waya umeunganishwa kwa kusokotwa tu ndani ya dari. Gusa plastiki ya soketi baada ya kupika: ikiwa ya moto, fundi aje leo. Shirika la umeme halihusiki hapa.

Dalili: kwako taa zinawaka kupita kiasi, kwa jirani zimefifia

Zima meini swichi sasa hivi, halafu ndipo uendelee kusoma.

Hii ni dalili ya nyutro (waya wa kurudishia umeme) iliyokatika au kulegea kwenye laini ya fezi tatu (nyaya tatu zinazoleta umeme), na sijui hitilafu nyingine inayounguza vitu vingi kwa dakika chache namna hii. Nyumba yako iko kwenye fezi moja, ya jirani kwenye nyingine, na nyutro ni ya wote. Ikiwa nzima, kila mmoja anapata 230. Ikikatika kuelekea kwenye transfoma, nyumba zenu mbili zinabaki zimeungwa mkia kwa mkia katikati ya fezi mbili, yaani volti 400, na mgawanyo unafuata mzigo wa kila nyumba. Tuseme jirani anapika kwa jiko la wati 2000, na wewe una televisheni na taa, jumla wati 100. Jiko lina ukinzani, yaani kiasi kinavyozuia umeme kupita, wa omu 26 hivi, vitu vyako vina omu 529. Piga hesabu: karibu volti 380 zinakuangukia wewe, na jiko la jirani linabaki na 19. Yeye analalamika umeme mdogo huku televisheni yako inatoa moshi.

Watu wengi huona taa zinang'aa wakafurahi kwamba leo umeme una nguvu. Nawasihi, taa inayong'aa kuliko kawaida ni onyo. Na baada ya kuzima, usiguse bomba wala bati la nyumba mpaka laini ikaguliwe, kwa sababu nyutro iliyokatika inaweza kubeba umeme mahali ambapo hukuutarajia.

Dalili: theluthi ya mtaa wako sawa, theluthi mbili wana nusu ya umeme

Ukizunguka na mita ukakuta nyumba chache zina 230 na nyingine nyingi ziko kwenye 110 au 120, basi upande wa juu wa transfoma, ule wa kilovolti 11 au 33, fezi moja imekosekana. Mara nyingi ni fyuzi ya juu iliyodondoka. Koili za upande huo zimefungwa pembetatu, hivyo moja inabaki na volti zake kamili na mbili zinagawana zilizobaki, nusu kwa nusu. Hii ni kazi ya shirika peke yao. Ukiwapigia na kuwaambia "nyumba hii 230, nyumba mbili jirani 115", wanajua waje na nini. Mpaka watakapofika, zima friji, pampu na kila chenye mota.

Dalili: umeme mdogo kila jioni, mchana shwari

Turudi Uru. Nilitoka kwa mzee nikashuka hadi kwenye nguzo ambapo tawi lao linaachana na laini kubwa. Nyumba iliyo pale ina watu ninaowafahamu, wakaniruhusu kupima: volti 222. Kutoka hapo hadi kwa mzee ni kama mita 350 za waya wa alumini wa milimita za mraba 16, unaopita katikati ya migomba na kulisha nyumba nne. Kwa hiyo volti 48 zinapotea kwenye mita 350.

Waya wa namna hiyo una ukinzani wa omu 1.91 kwa kilomita. Umeme unakwenda na kurudi, hivyo ni mita 700, yaani omu 1.34. Volti 48 gawanya kwa 1.34 unapata ampea 36. Hizo ampea 36 za nyumba nne wakati wa Krismasi si wizi, na si mita mbovu. Waya ulivutwa enzi za taa na redio, na sasa unabeba hita za kilowati tatu.

Hapa ndipo stabilaiza inapoonyesha tabia yake. Birika au hita ya kawaida, volti zikishuka, nayo hupunguza uvutaji wake. Ya wati 2000 kwenye volti 174 inavuta ampea 6.6 tu badala ya 8.7. Maji yanachelewa kuchemka, lakini waya unapata nafuu. Stabilaiza haikubali hivyo. Kazi yake ni kutoa 230 ndani hata nje kukiwa na 174, na ili wati ziwe zilezile 2000, lazima ivute ampea 11.5 kutoka nje. Ampea zikiongezeka, waya unameza volti zaidi. Volti zikishuka zaidi, stabilaiza inavuta zaidi.

Duara hilo lina mwisho. Waya wa omu 1.34 unaolishwa kwa volti 222 hauwezi kupitisha zaidi ya kilowati 9.2, hata ufanye nini, na kilele hicho kinafikiwa volti zikiwa zimeshuka hadi nusu. Ukichora volti dhidi ya nguvu inayopita, mstari unakwenda mbele ukiteremka, ukifika kileleni unapinda kurudi nyuma, sura yake kama pua iliyochongoka. Wahandisi wa gridi huutumia mchoro huohuo kupima njia za kilovolti 220. Siku ile nyumba nne za Uru zilikuwa zinapata kilowati 6.3. Kama zote zingekuwa na stabilaiza, vyombo vilivyokuwa vimewashwa vingedai kama 11. Kilowati hizo 11 haziwezi kupita kwenye waya ule. Stabilaiza zingevuta na kuvuta mpaka zikate zote, zirudi zote pamoja, zikate tena.

Niliwaomba wazime hita za maji katika nyumba mbili. Mita ikapanda hadi 197, na friji ya mzee ikawaka kwa mara ya kwanza tangu saa kumi jioni. Wakakubaliana kuoga kwa zamu. Dawa ya kudumu ni waya mnene: ule wa milimita za mraba 50 una omu 0.641 kwa kilomita, na kwa ampea zilezile 36 unapoteza volti 16 badala ya 48. Hilo linaombwa kwa maandishi, na ombi la nyumba nne kwa pamoja lenye vipimo lina uzito kuliko simu kumi za hasira.

Kuna wanaoshauri kufunga kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme na kuirudisha) nyumbani "ili umeme upande". Kwenye tawi kama la Uru haisaidii kitu. Hita na majiko hayana haja na kile kapasita inachotoa (nitakieleza tukifika kwenye mota), na waya mwembamba wa mtaani unaangusha volti kwa sababu ya ukinzani wake. Kapasita haiondoi ukinzani. Pesa hiyo iende kwenye waya.

Kama jirani aliye chini ya transfoma naye ana 195 jioni, waya wako hauna kosa. Ama transfoma imezidiwa, ama fezi hazijagawanywa sawa (fezi moja imebebeshwa nyumba arobaini na nyingine kumi), ama laini ya juu yenyewe imeshuka. Uliza walio kwenye fezi nyingine. Wakiwa na 225 wakati wewe una 195, omba mzigo ugawanywe upya. Wote mkiwa chini, transfoma za kawaida zina nafasi tano za kupandisha au kushusha volti, kila nafasi asilimia 2.5, na mafundi wa shirika hubadilisha umeme ukiwa umezimwa. Ila nafasi inayokufaa jioni inaweza kukuumiza usiku, kama nitakavyoeleza mbele.

Dalili: taa zinapepesa

Zikipepesa kwa mpigo, sekunde mbili ndiyo, sekunde tatu hapana, kuna anayechomelea vyuma kwenye fezi yako. Zikififia mara moja kwa nguvu kisha zikarudi, ni mota kubwa inawaka. Zikipepesa kukiwa na upepo tu, inua macho: tawi la mparachichi au mgrivea linagusa waya. Usilikate mwenyewe.

Dalili: mashine ya kukoboa inanguruma, haizunguki

Kwa wenye mashine za mpunga Mabogini na wale wa kusaga mahindi mjini, hii ni mada inayogusa mfuko, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Kwanza hakikisha fezi zote tatu zipo. Mota ya fezi tatu ikiwashwa kwa fezi mbili inanguruma, haianzi, na inaungua. Ikiwa ilishaanza kuzunguka ndipo fezi moja ikapotea, itaendelea kuzunguka ikijichoma taratibu. Stata (swichi ya kuwashia mota) isiyo na kinga ya fezi ni gharama ya kusuka mota iliyoahirishwa.

Fezi zikiwa zote zipo, pima volti kati ya fezi na fezi. Nguvu ya mota ya kusukuma inafuata mraba wa volti. Ukiwa na 350 badala ya 400, umebaki na asilimia 87.5 ya volti, lakini nguvu ya kuanzia ni asilimia 77. Ukiwa na 320, ni 64. Mkulima ameshajaza mpunga kwenye kinu, mota inapiga kelele, opareta anabonyeza tena na tena, na kila akibonyeza inavuta mara sita au saba ya ampea zake za kawaida. Anza mashine ikiwa tupu. Hilo peke yake limeokoa mota nyingi.

Sasa kuhusu kapasita, ambazo hapa zina kazi ya kweli. Mota inahitaji vitu viwili kutoka kwenye laini: nguvu ya kukoboa, na umeme wa kujenga sumaku ndani yake. Huo wa sumaku hauli wati. Unakwenda na kurudi mara 100 kwa sekunde kati ya mota na gridi. Kitaalamu ni nguvu reaktivu, na fundi anaijua kwa kipimo chake, kVAr. Haikoboi hata punje, lakini inapita kwenye waya uleule na inaongeza ampea zilezile.

Mota ya kilowati 22 yenye pawa fakta ya 0.8 (yaani sehemu ya umeme unaovutwa inayofanya kazi ya kweli) inavuta ampea 44 hivi. Ukiiwekea kapasita ya kVAr 10 jirani yake, sumaku inalishwa pale pale, pawa fakta inafika 0.95, na ampea za laini zinashuka hadi 37. Upotevu kwenye waya unafuata mraba wa ampea, hivyo unapungua kwa karibu asilimia 29. Mashine ni ileile, mpunga ni uleule.

Ila iwekwe na anayejua. Kapasita iwe baada ya kontakta (swichi ya sumaku ndani ya stata) ili izimike pamoja na mota, isiachwe ikisukuma volti juu usiku. Isiwe kubwa kuliko mahitaji ya sumaku ya mota ikiwa tupu, la sivyo mota inayopunguza mwendo baada ya kuzimwa inaweza kujizalishia volti hatari. Na usiguse nyaya zake mara baada ya kuzima, kwa kuwa hubaki na chaji.

Jambo moja zaidi kuhusu kapasita, litakalotufaa mbele: msaada wake nao unafuata mraba wa volti. Volti zikishuka hadi asilimia 90, kapasita ya kVAr 10 inatoa 8.1. Inakupungukia wakati unapoihitaji zaidi.

Dalili: umeme mwingi usiku wa manane

Balbu zinaungua mapema, chaja zinakufa, na mita saa tisa usiku inasoma 250 na zaidi. Kwanza ondoa shaka ya nyutro: kama jirani wa fezi nyingine ana volti pungufu wakati huohuo, rudi juu kwenye sehemu ile. Kama mtaa mzima uko juu, sababu ya karibu ni transfoma iliyopandishwa nafasi ili kumridhisha mtu wa mwisho wa laini jioni. Watu wakilala, mzigo unaondoka, na waya hauli tena volti.

Sababu ya mbali ni njia kuu zenyewe. Njia ndefu ya msongo mkubwa, isipobeba mzigo, hugeuka kapasita. Inazalisha kVAr zake yenyewe, na volti za mwisho wa njia hupanda kuzidi za mwanzo. Ndiyo maana kwenye vituo vya kupoza umeme hufungwa riakta, koili kubwa za kunywa ziada hiyo. Volti nyingi si jambo dogo. Tarehe 28 Aprili 2025 Hispania na Ureno ziliingia gizani mchana kweupe, na wachunguzi wa Ulaya walieleza kwamba ilikuwa mfululizo wa volti kupanda: mtambo mmoja unajitoa kwa sababu ya volti kuzidi, volti zinapanda tena, mwingine unajitoa.

Nyumbani, kinga ya volti ya friji na televisheni inatosha. Omba pia transfoma ipimwe saa za usiku, si mchana peke yake.

Dalili: mji mzima unafifia, unarudi, au unazimika

Ukipigiwa simu kutoka pande tofauti za Moshi, Kiboriloni, Majengo na Pasua, kwa dakika moja, weka mita chini. Hapo tatizo ni la gridi.

Kaskazini tumekaa mwisho wa njia ndefu. Umeme wa Gridi ya Taifa unatufikia kutoka Singida kupita Babati hadi Arusha kwa kilovolti 220, na kutoka Hale kupita Same hadi Kiyungi hapa Moshi kwa kilovolti 132. Mitambo ya maji iliyo upande wetu ni ya bonde la Pangani: Nyumba ya Mungu megawati 8, Hale 21, New Pangani Falls 68. Bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115, lakini liko Rufiji. Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alipoeleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya kanda ya kaskazini, sababu mojawapo aliyotaja ilikuwa upotevu wa kusafirisha umeme kutoka kusini hadi huku.

Wengi walijiuliza: kama nchi ina megawati za kutosha, kwa nini tununue? Jibu liko katika tofauti ya wati na volti. Wati husafiri mbali. Nguvu reaktivu, ile inayoshikilia volti, husafiri vibaya sana, kwa sababu njia ndefu yenyewe ina tabia ya koili na inaila njiani. Ukitaka volti za Moshi zisimame, kitu cha kuzishikilia lazima kiwe karibu na Moshi: jenereta, kapasita, au mtambo uliojengwa kwa kazi hiyo. Kwa macho hayo, megawati 8 za Nyumba ya Mungu zina thamani kuliko namba yake inavyoonyesha. Njia ya kilovolti 400 kutoka Isinya, Kenya, hadi Singida kupitia Arusha nayo inabadilisha mambo, kwa sababu Arusha inakuwa katikati ya njia, si ncha yake.

Sasa kumbuka stabilaiza za Uru. Kwenye vituo vya kupoza umeme kuna transfoma zinazobadilisha nafasi zenyewe ili volti za mji zisishuke. Volti za njia kuu zikishuka, transfoma hiyo inapandisha volti za upande wa mji, mizigo ya mji inarudi kuvuta kwa nguvu kamili, ampea za njia kuu zinaongezeka, na volti za njia kuu zinashuka zaidi. Ni duara lilelile, safari hii kwa megawati. Tokyo iliona hivyo tarehe 23 Julai 1987. Siku ya joto kali, baada ya mapumziko ya mchana, viyoyozi viliwashwa kwa kasi, mzigo ukapanda megawati 400 kwa dakika. Kapasita zote zikaingizwa, na bado volti zikaendelea kuzama, mpaka megawati 8,168 zikakatika na wateja milioni 2.8 wakakosa umeme. Viyoyozi vya kisasa vilichangia: volti zikishuka, vinavuta zaidi ili vitoe baridi ileile.

Utafiti tangu hapo umekwenda pande mbili. Upande mmoja ni vifaa. Kapasita hupungukiwa kwa mraba wa volti, kama tulivyoona, hivyo gridi nyingi huongeza STATCOM, mtambo wa kielektroniki unaoweza kushikilia ampea zake za msaada hata volti zikishuka, na unajibu ndani ya milisekunde. Wengine wamerudia kondensa sinkronia, mashine kubwa inayozunguka bila mzigo wowote, kazi yake kushikilia volti na kuipa gridi uzito. Upande wa pili ni mbinu: kuifunga transfoma isipandishe nafasi volti za juu zikiwa hatarini, na kukata mzigo kidogo na mapema ili usikatike wote. Mgao wa dakika kumi wa mtaa mmoja jioni ya hatari unaweza kuwa ndio uliozuia giza la mikoa mitatu. Najua aliyekatiwa hapendi kusikia hivyo. Bado ni kweli.

Nyumbani kwako fanya haya. Ukiona mji unafifia, zima vyenye mota kwanza: pampu, friji, kiyoyozi. Mota iliyokwama kwa volti ndogo huvuta ampea nyingi na ndiyo inayozuia volti zisirudi. Umeme ukikatika, zima jiko na hita kwenye swichi zake. Ukirudi, subiri dakika tano kabla ya kuwasha friji, ili gesi ndani ya kompresa isawazike na wimbi la kwanza la mji lipite.

Unapopiga simu kuripoti

"Umeme ni mdogo" haimsaidii mtu wa dawati la dharura kujua amtume nani. Mwambie: volti ngapi, saa ngapi, siku ngapi mfululizo. Zinashuka ngapi ukiwasha birika. Jirani wa mbele na wa nyuma wana ngapi, na aliye chini ya transfoma ana ngapi. Kama kuna fezi tatu, kila moja ina ngapi. Mpe namba ya mita ya LUKU na namba iliyoandikwa kwenye nguzo ya mwisho kabla ya nyumba yako. Ukiwa kihambani, mtume kijana akaisome kabla giza halijaingia.